Chujio la Fundi Nasiri

Mvua ya kwanza ya Septemba ilipokatika, Nasiri, fundi cherehani wa mtaa wa Niboye, alishika bomba la tangi lake jipya la kuvunia maji ya mvua. Majirani walikuwa wamepanga foleni na majerikani yao. Paneli ya sola ilikuwa juu ya bati lake tangu mwaka jana, na cherehani yake ya umeme haikuwa imemgomea hata siku moja. Leo ilikuwa zamu ya maji.

"Chujio nimelishona mwenyewe," alisema. "Kitambaa kipya, mikunjo minne."

Akafungua.

Maji yakatoka mekundu kama juisi ya rosela.

Mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, ambaye wiki iliyopita alinunua kwake mita sita za kitambaa chekundu cha harusi ya bintiye, akachovya kidole, akakiinua juani. Rangi ilikuwa imeingia hadi chini ya ukucha.

"Fundi," aliuliza polepole, "hicho si kile kitambaa ulichoniapia hakitoi rangi?"

Mtu wa nyuma akacheka, kisha foleni nzima. Nasiri alijikaza, akashindwa, akacheka nao.

"Jerikani iache hapa, mama," alisema akipangusa macho. "Kile kitambaa ndicho ulete, nikubadilishie."