Dakika Tatu

Dada Dilmaya alinipigia kutoka Kuwait, akataka kila andiko kwenye blogu yake lionyeshe idadi ya maneno na muda wa kulisoma. Nikaweka chap.

Leo mama katoka kukata majani ya mbuzi, kanawa mikono, kachukua simu yangu yenye andiko jipya la dada, kaigusisha kwenye paji la uso kwa heshima, kama tunavyofanya na kitabu chochote. Kusoma kajifunza mwaka huu, kwenye darasa la akina mama hapa kijijini kwetu Nuwakot, ili maneno ya mwanawe ayasome mwenyewe.

Akaanza. Kidole kinatambaa, midomo inachezacheza, kioo kikizima anakigonga. Chai ikapoa, ikafanya utando. Jua likahama ukutani. Alipomaliza alikuwa anatabasamu, akarudi juu kuangalia kichwa cha habari tena, ndipo akauona ule mstari.

"Hii dakika tatu ni ya nini?"

"Muda wa kusoma, mama."

"Wa nani?"

"Wa watu tu. Kompyuta inakisia, haina lolote."

Akacheka kidogo. "Na mimi nilishajiona msomi."

"Naitoa sasa hivi."

"Uitoe ya nini? Si dadako kaitaka?"

Nikaitoa palepale, nikamrudishia simu. "Ona, haipo tena."

Akakifuta kioo kwa upindo wa sari, taratibu, mpaka alama zote za kidole chake zikaisha. Safari hii hakuigusisha simu kwenye paji la uso. Akanirudishia.

"Akiandika tena," akasema, "utanisomea wewe."