Aliyemuuza Allan

Katika onyesho la mwisho, Gladness aliyaacha maneno ya mchezo, akamgeukia Mwadini mbele ya ukumbi uliojaa.

Ulikuwa mchezo wa zamani wa Kirusi, waliouweka wenyewe kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeota nchi isiyo na mabwana anauzwa kwa askari na rafiki yake. Mwadini, kiongozi wa kikundi, alicheza rafiki. Gladness alicheza dada wa mwanafunzi.

Kwa miezi minne alikuwa akitoka zamu ya kuhudumia wazee Thamesmead, London, akipanda mabasi mawili hadi ukumbi wa kanisa Tottenham, akiisubiri dakika hii tu.

"Sasa siigizi," alisema. "Kaka yangu aliitwa Allan. Alikuwa akiandaa maandamano ya wanafunzi kule nyumbani. Alipojificha, wewe peke yako ulijua alipo, maana ndiwe uliyempelekea chakula alichopika Mama. Siku moja kabla ya maandamano, askari walikwenda moja kwa moja mlangoni kwake. Akafia mikononi mwao. Ulilipwa nini, Mwadini?"

Watu walimkodolea macho Mwadini kama wanaomwona kwa mara ya kwanza.

Mstari wa mbele, mama yake Gladness alikuwa ameinamisha kichwa. Asubuhi nzima alikuwa amegoma kuja, akimsihi Gladness:

"Mwache kijana wa watu, mwanangu. Yameshapita."

"Kwangu hayajapita," Gladness alikuwa amemjibu, akimvalisha koti. "Nataka umwone akiumbuka."

Na kweli sasa, jukwaani, Mwadini alikuwa akiumbuka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu za bandia. Gladness alihisi raha kali kifuani, raha aliyoingoja miaka ishirini, na bado haikumtosha.

"Mnamwita mwalimu!" aliwaambia watu. "Anawafundisha watoto wenu habari za haki! Sema, Mwadini. Ulimuuza, hukumuuza?"

"Niliapa nisiseme," Mwadini alijibu kwa sauti ndogo.

"Uliapa kwa nani? Kwa askari?"

Mwadini hakumtazama. Alikuwa akitazama mstari wa mbele.

Mama alisimama, ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

"Siku ile nilipompa Mwadini chakula, nilimfuata nyuma," alisema. "Askari waliniahidi kwamba nikiwaonyesha mlango, watamwachia Allan maandamano yakiisha."