Ukungu wa Marehemu

Tangu amzike mumewe, Bi Mashavu aliulisha wali ule ukungu mweupe aliouacha marehemu chupani, ukungu wa kuua fukusi wa migomba. Marehemu aliulisha fukusi tu: kutoboa gamba la mdudu kunautesa ukungu, na mateso ndiyo yanayoukomaza. Mjane hakuwa na moyo huo.

Sasa migomba inaanguka kwa kuliwa na fukusi. Akamtia fukusi mmoja chupani. Siku ya tano mdudu bado anatembea juu ya ukungu kama bwana harusi zuliani.

“Shoga, umeudekeza kama ulivyomdekeza mumeo,” jirani yake Sikudhani alimcheka.

“Yule sikumnyima kitu, na kafa vilevile.”

Akaukomba wali chupani, akawapa kuku, ukungu ubaki na fukusi tu.

Siku ya tisa, mguuni pa fukusi paliganda kitu cheupe. Bi Mashavu akafuta macho, akainamia kioo cha chupa. Huenda ni ukungu. Huenda ni chenga ya wali.