Dawa ya Majani

Basi lilipoharibika Nanyala, Jenista alimshika binti yake mkono, wakaingia bustani ya umma kungojea fundi.

Mtunza bustani akawapokea kwa majigambo. "Humu, mama, dawa ya dukani haikanyagi. Hakuna sumu."

Jenista akazitazama kabichi. Zilikuwa zimefunga vizuri, majani hayana tundu hata moja. "Sasa wadudu mnawafukuzaje, kaka? Mnawaimbia?"

Yule bwana akacheka. "Tunawalowekea majani. Njoo uone."

Hamu ya kujua ikamzidi, akauachia mkono wa mtoto.

Nyuma ya banda palikuwa na jiwe, na juu yake majani yaliyopondwa. Jenista akayasugua viganjani, akanusa. Aliyajua. Kwao Ileje, majani hayo yakipondwa na kumwagwa mtoni, samaki huelea matumbo juu.

"Huu si utupa?" akauliza. "Maji yake mnaweka wapi?"

"Kwenye chupa za soda, pale kivulini."

Jenista akageuka. Binti yake alikuwa amekaa kivulini, chupa ameikumbatia, kifuniko kimelala mapajani.

"Mama," akasema, akijifuta mdomo, "soda yao chungu."