Mwangwi wa Majaribio

Jumamosi, 12 Novemba 2016. Mvua ilikatika alfajiri, ziwa likalala kimya chini ya ukungu hata milima ya Kongo haikuonekana. Nikodemu aliiombea kompyuta yake, akaifunga kwa nailoni, akapanda gari la kwenda kijiji cha Ilagala.

Wanakwaya waliomngoja ufukweni walikuwa watu waliokimbia vita kutoka ng'ambo. Ndugu zao wengine walizama njiani. Leo walikuwa wakiwaombea, na wimbo waliourekodi kwenye studio yake, ulioitwa Buzebazeba, ungepigwa kwa mara ya kwanza.

Kuurekodi kuliwatoa jasho. Walitaka ubeti wa mwisho uwe majina ya waliozama, lakini kila aliyefika kwenye jina la mtu wake alikwama. Mama Eufrasia alijaribu kuliko wote. Mwishowe Mzee Selestini, kiongozi wa kwaya, alisema ubeti huo uachwe.

"Fundi, hiyo mitambo yako haiwezi kuinyoosha hata sauti ya Bonifasi?" Dotto, mmoja wa waimbaji, alitania, watu wapate kupumua.

"Bonifasi anahitaji maombi," Nikodemu alijibu.

Yaliyobaki aliyamaliza kwa plagini, vile vijiprogramu vya kupamba sauti. Alikuwa na ya kuondoa mvumo na ya kunyoosha sauti, ila kipenzi chake kilikuwa ile ya mwangwi. Hiyo ilikifanya chumba chake cha matofali mabichi kisikike kama kanisa kuu. Lakini ilikuwa ya majaribio, hakuwa ameilipia. Ilimwonya kwamba muda umekwisha, sasa sauti itakuwa ikikatika. Nikodemu alilifunga onyo hilo, akawahi masomo ya jioni bila kuusikiliza wimbo hadi mwisho.

Sasa alikaa nyuma ya spika, ziwa likiwa mgongoni kwake, jenereta ikiunguruma ubavuni. Wimbo ulianza vizuri.

Kisha wimbo ukakatika, taa za kijani kwenye mashine ya sauti zikazimika.

Mwanamke mmoja alisimama, akapaza sauti kumwelekea. Jenereta ilimeza maneno yake. Taa zikawaka, wimbo ukarudi, ukakatika tena. Mwanamume akanyoosha mkono upande ule ule, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha mwingine. Na mwingine.

Nikodemu alipeleka kidole azime. Mzee Selestini alimkazia macho, akatikisa kichwa.

Anataka niaibike hadi mwisho, Nikodemu aliwaza. Aliinamisha uso hadi kidevu kikagusa kifua. "Bwana, nimewaharibia watu msiba wao."

Wimbo ulipokwisha alizima jenereta. Mama Eufrasia alimjia, kwaya nzima ikimfuata.

"Shikamoo, mama. Kasoro niliijua. Nisameheni."

"Umenikosea, fundi." Hakumtazama yeye, alitazama maji nyuma yake. "Wenzangu wote wamewaita watu wao, kila ulipowaachia nafasi. Mimi nilikuwa bado najikaza, wimbo ukaisha. Mwanangu Marcelina hajaitwa."

Nikodemu alisimama.

"Nitaongeza nafasi, mama. Naahidi mbele ya hawa wote," alisema. "Na hiyo ya Marcelina nitaiacha wazi kwa makusudi."