Mvua ya Mpira wa Bustani

Ejnar alimwona mkewe akizikwa mara ya pili, safari hii kwenye filamu ya shule aliyotengeneza binti yao. Mvua ilimwagika.

“Siku ile jua liliwaka,” alinong'ona.

“Mwalimu kasema filamu ya huzuni haikosi mvua, baba. Tulitumia mpira wa kumwagilia bustani.”

“Hao walimu! Kwani walimzika wao?”

Kijana aliyemwigiza Ejnar alipiga magoti kaburini, akalia kwa kwikwi. Ejnar mwenyewe hakutoa hata chozi siku ile.

Taa zilipowashwa, majirani walimzunguka kijana yule, wakimpa pole na kahawa. Bado alikuwa amevaa koti jeusi la Ejnar, aliloazimwa, lenye kifungo alichoshona marehemu kwa uzi wa buluu.

Ejnar akajipenyeza, akakishika kile kifungo.

“Vua,” alisema. “Aliyefiwa ni mimi.”