Kicheko cha Marehemu

Siku hizo wagombea walichangiwa vicheko badala ya fedha. Mwanahawa alimchangia mgombea wao chake, na mama mkwe wake pia, ambaye alifariki kabla ya kura. Mgombea alivitumia majukwaani, akashindwa. Sheria ikamtaka arudishe vilivyobaki, basi Mwanahawa akaletewa kimoja.

Jioni, akikuna nazi, redio ilimchekesha. Kilichomtoka kilikuwa kicheko cha marehemu, na kikohozi chake mwishoni. Mumewe, Shekue, akainuka mkekani.

“Wamekosea,” Mwanahawa akasema. “Kesho nakirudisha.”

Shekue akamlalia mapajani, macho yamemlowa.

“Usikirudishe. Cheka tena, mama.”

Hakuwahi kumwita hivyo. Mwanahawa aliogopa kukataa, akacheka.